Kokoto Ndani ya Injini

Swali la juma hili limetufikia kutoka kwa mama mmoja aliyekopa katika chama chake ili amnunulie mwanawe pikipiki ya kazi. Kijana, kama walivyo wengi wa rika lake, hakuridhika na nguvu aliyoikuta ndani ya chombo. Alipeleka kichwa cha silinda kikasagwa, akatia pistoni kubwa zaidi, akanunua kisanduku cha CDI kinachouzwa kwa jina la mashindano, kisha akaondoa ekzosi ya kiwandani na kufunga nyingine yenye mlio wa kuamsha mtaa. Sasa kila apandapo Mazeras akiwa na abiria, injini hutoa sauti kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati. Fundi wa kwanza amesema inunuliwe pistoni mpya. Fundi wa pili amesema injini yote ifunguliwe. Mama anauliza amwamini nani, na fedha kidogo zilizobaki azielekeze wapi.

Huenda wengine watashangaa kuona habari za plagi na kabureta katika safu hii, ambayo kwa kawaida huzungumza mambo ya nyumba. Nasi twasema hili ni jambo la nyumba. Katika familia nyingi za pwani yetu leo pikipiki ndiyo shamba na ndiyo duka, na aghalabu anayeilipia si yule anayeiendesha. Mke au mama ndiye anayetoa fedha za spea, lakini mbele ya fundi huambiwa maneno asiyoyaelewa, akanyamaza, akafungua pochi. Tunataka aelewe.

Tuanze na sauti yenyewe, kwa sababu si kila mgongo ni mgongo mmoja. Ikiwa injini yagonga wakati wote, hata pikipiki ikiwa imesimama na kupumua polepole, na sauti ni nzito kama nyundo iliyofungwa kitambaa, hapo shaka huelekea chini, kwenye konrodi na beringi zake. Chombo hicho kisiendeshwe tena. Kufungua hakuna budi. Ikiwa ni tiki-tiki nyepesi isiyobadilika, mzigo uwepo usiwepo, mara nyingi ni valvu zinazohitaji kurekebishwa nafasi, kazi ndogo. Lakini ikiwa sauti ni kavu, ya chuma, inatokea mlimani au kwenye mzigo tu, hasa akiwa katika gia kubwa na mkono umevuta mafuta mengi, kisha inakoma mara tu mkono ulegezapo, basi hakuna kipande kilicholegea ndani ya injini. Kinachogonga ni moto.

Hilo ndilo linalomsibu kijana wetu, kwa jinsi mama alivyolieleza. Pistoni mpya haitaliponya. Itagongwa na moto uleule mpaka nayo itoboke.

Tuueleze moto huo kwa mfano ambao kila mzazi anaujua. Mtoto amekaa kwenye pembea, tuseme zile za Idi pale Makadara. Ukitaka aende juu, humsukuma anapokuja kwako. Humsubiri afike mwisho wa safari yake, na pale tu anapoanza kurudi ndipo unapompa mkono. Ukimsukuma mapema, wakati bado anakujia, pembea hushtuka, mikono yako huuma, na nguvu yote hupotea. Pistoni ndiyo pembea hiyo. Hupanda ikibana hewa na petroli, hufika juu, kisha husukumwa chini na moto. Msukumo mkubwa unatakiwa uifikie ikiwa imekwisha kuvuka kilele na kuanza kushuka, krenki ikiwa imezunguka digrii kama 15 tangu kileleni.

Tatizo ni kwamba moto hauwaki wote kwa mara moja. Cheche ya plagi huwasha sehemu ndogo, na mwali husambaa kutoka hapo, nao huchukua muda, ijapokuwa muda wenyewe ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwa hivyo cheche hulazimika kuruka kabla pistoni haijafika juu. Na kadiri injini inavyokwenda kasi ndivyo cheche inavyotakiwa kuwahi zaidi. Ikizunguka mara 6000 kwa dakika, katika elfu moja tu ya sekunde krenki imekwisha kupita digrii 36 katika zile 360 za duara zima. Ikizunguka mara 1500, imepita digrii 9 tu. Ndiyo maana katika pikipiki nyingi ndogo cheche huruka digrii 10 hadi 15 kabla ya kilele injini inapopumua polepole, na husogezwa hadi digrii 30 hivi au zaidi mwendo unapopanda. Mafundi huita jambo hili taimingi. Katika pikipiki za kisasa kazi ya kuisogeza hufanywa na kile kisanduku cha CDI, kikipokea ishara kutoka kwenye magneti.

Cheche ikiwahi kupita kiasi, moto hukua wakati pistoni bado inapanda. Gesi iliyosalia pembeni, ambayo mwali haujaifikia, hubanwa na moto kwa upande mmoja na pistoni kwa upande mwingine, ikapata joto hata ikalipuka yenyewe yote kwa pamoja. Mlipuko huo hupiga kuta za silinda, na ndio mlio wa kokoto. Madhara yake si kelele. Gesi inayowaka hupita joto la digrii 2000, na pistoni imetengenezwa kwa aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye digrii 660. Kinachoiokoa siku zote ni utando mwembamba wa gesi iliyotulia unaokaa juu ya uso wake kama ukoko unavyokinga sufuria. Mshindo wa mlipuko huupasua utando huo, joto likaingia moja kwa moja kwenye chuma. Mara ya kwanza hutokea madoa madogo kama ya mchwa ukingoni mwa pistoni. Baadaye ringi huvunjika. Mwisho wake ni tundu.

Sasa tutazame aliyoyafanya kijana, moja baada ya jingine, kwani tabu yote imo humo. Kusaga kichwa cha silinda kumepunguza nafasi ya juu, kwa hiyo gesi inabanwa zaidi. Pistoni kubwa imeongeza mbano huo juu ya ule. Gesi iliyobanwa zaidi hupata joto zaidi na huwaka upesi zaidi. Moto ukiwaka upesi, cheche hutakiwa ichelewe kidogo kuliko ilivyokuwa kiwandani. Yeye akafanya kinyume: akafunga CDI ya mashindano, ambayo nyingi huuzwa kwa sifa ya kuiwahisha cheche. Tena ekzosi iliyo wazi hubadilisha upumuaji wa injini, na ikiwa jeti za kabureta hazikubadilishwa, hewa huzidi petroli. Mchanganyiko mkavu wa namna hiyo huongeza joto. Mambo manne, yote yamesukuma upande mmoja. Lau angefanya moja tu, pengine injini ingemvumilia.

Hatumlaumu sana. Hata mabingwa waliohangaika na mlio huu zamani walianza kwa kumkamata asiyekuwa mwizi. Huko Dayton katika jimbo la Ohio, Marekani, alikuwako mhandisi Charles Kettering, ambaye kifaa chake cha kuwasha injini kwa umeme kilifungwa katika gari la Cadillac la mwaka 1912 na kuwaondolea watu kazi ya kuzungusha mkono wa chuma mbele ya gari. (Wanawake ndio waliofaidika zaidi na kifaa hicho, nao wauzaji walilitangaza jambo hilo waziwazi.) Kettering huyo alikuwa pia ametengeneza mfumo wa cheche wa betri, na injini zilipoanza kugonga, lawama zikaangukia mfumo wake. Mwaka 1916 akampa kazi ya kuchunguza msaidizi wake, Thomas Midgley. Midgley alikisia kwamba mafuta yakitiwa rangi nyekundu yatafyonza joto mapema na kuwaka vyema. Akatia iodini, mgongo ukapungua, akafurahi. Alipojaribu rangi nyingine hazikufaa kitu: iodini ndiyo iliyosaidia, wala si wekundu wake. Lakini hapo ikadhihirika kwamba petroli yenyewe ina sehemu kubwa katika jambo hili. Iko inayostahimili kubanwa, na iko inayolipuka upesi. Baadaye ustahimilivu huo ukapewa kipimo, ambacho ndicho kile cha okteni.

Wangekomea hapo ingekuwa kheri. Tarehe 9 Disemba 1921 waligundua kwamba tone dogo la mchanganyiko wenye madini ya risasi hunyamazisha mgongo kabisa, na mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa. Mwaka 1924 wafanyakazi wa mtambo mmoja wa kuutengeneza, huko New Jersey, walirukwa na akili na baadhi yao wakafa. Mwaka uliofuata daktari mwanamke, Alice Hamilton, mtu wa kwanza wa jinsia yake kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, alisimama katika mkutano wa serikali ya nchi yake akawaonya kwamba risasi ni sumu itakayosambaa katika hewa ya kila mtu. Hawakumsikiliza. Dunia iliendelea kuvuta moshi huo, na wanaodhurika kwanza ni watoto, kwa kuwa risasi huharibu ubongo unaokua. Kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, petroli ya risasi ilikomeshwa kufikia mwanzo wa 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021, na habari hiyo ikatangazwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Madhara ya risasi sisi wa Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa: wakazi wa Owino Uhuru, walioishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, wanayajua kwa damu ya watoto wao.

Tumelieleza hili kwa kirefu kwa sababu hata leo mtu akisikia kokoto ndani ya injini hukimbilia kitu cha kuinyamazisha sauti: chupa ya dawa ya kumimina tangini, au fundi wa kuichelewesha cheche mpaka kelele iishe. Cheche iliyocheleweshwa mno haigongi, ni kweli. Lakini moto humalizikia kwenye ekzosi, injini hupoteza nguvu, hula petroli, na shingo ya ekzosi hubadilika rangi kwa joto. Mama atadhani chombo kimepona, huku hesabu ya jioni inapungua na hajui kwa nini.

Basi fedha zielekezwe wapi? Kwanza, zisielekezwe popote. Tanki limwagwe, kijana ajaze petroli ya kituo kinachoaminika, apande Mazeras na mzigo uleule. Tunaanza na petroli kwa sababu ile ya chupa inayouzwa kando ya barabara haina anayejua ilikotoka, na mafuta taa yakichanganywa ndani yake hushusha okteni vibaya sana. Kwa miaka mingi mafuta taa yalikuwa rahisi kuliko petroli hapa Kenya, na uchanganyaji ukawa biashara, hata mwaka 2018 serikali ikayatoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuondoa kishawishi. Ushuru huo uliwaumiza wanaopikia stovu, na hilo tungelisema kwa urefu siku nyingine. Kuchanganya mafuta ni ghushi, na hukumu ya ghushi wasomaji wetu wanaijua. Nyumbani mtu aweza kujaribu hivi: nje, mchana, mbali na jiko na sigara, adondoshe tone moja la petroli juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi huruka yote baada ya dakika chache. Mafuta taa huacha doa la mafuta. Jaribio hili haligundui kiasi kidogo sana, lakini wizi mkubwa hulionyesha.

Mgongo ukibaki, plagi ifunguliwe na mama aombe kuiona. Hii ni kazi ya spana moja. Kauri yake ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, moto ni mzuri. Ikiwa nyeupe pepe, joto limezidi: ama hewa ni nyingi, ama cheche inawahi, ama plagi yenyewe si ya daraja linaloifaa injini. Zikionekana chembe ndogo mithili ya pilipili manga iliyosagwa, au vipunje vinavyong'aa vya aluminiamu, basi pistoni imekwisha kuanza kuliwa, na pikipiki ilale mpaka itengenezwe.

Plagi nyeupe hutupeleka kwenye hewa. Baina ya kabureta na injini kuna raba, ambayo kwa joto letu na chumvi ya bahari hupasuka bila kuonekana. Injini ikiwa inapumua, fundi airushie raba maji kidogo; mlio wa injini ukibadilika, hewa inaingia hapo. Raba ni spea ya bei ndogo. Ikiwa ni nzima, basi jeti kubwa zaidi zifungwe kulingana na ekzosi ile. Ikiwa badala yake plagi ina weusi wa oili, ringi zimechoka: oili inayopanda ndani huwaka, nayo pia hushusha okteni na kuacha makaa juu ya pistoni, na makaa hayo huendelea kung'aa kama jiko lisilozimwa vizuri.

Ndipo tufike kwenye taimingi, na hapa fundi hupimwa. Yuko atakayesema ameiweka kwa sikio. Asikubaliwe. Iko taa maalumu inayomulika kila cheche inaporuka. Ukiielekeza kwenye magneti, alama zilizochongwa huonekana kana kwamba zimesimama. Katika pikipiki nyingi herufi T huonyesha kilele cha pistoni na F huonyesha mahali cheche inapostahili kuruka injini ikipumua polepole. F ikilingana na alama ya kwenye kava, na kisha ikasogea taratibu mwendo unapopandishwa, mambo ni sawa. Ikiwa imesogea mbali tangu mwanzo, kuna sababu mbili za kutazamwa. Ya kwanza ni kile kipande kidogo cha chuma, chenye umbo la nusu mwezi, kinachoishika magneti kwenye krenki. Kikikatika kidogo, magneti huhama na cheche huhama nayo. Ni chuma cha bei ya chini kabisa katika injini nzima, na tunahofia kwamba pistoni nyingi zimewahi kununuliwa kwa sababu yake. Ya pili ni CDI.

Kwa kijana huyu hatuna shaka sana ni ipi. Kama CDI ya kiwandani bado ipo nyumbani, irudishwe leo kabla ya kugusa kingine. Ni bolti chache na soketi. Kama aliiuza, anunue iliyo sawa na ile ya asili. Tena kwa kuwa kichwa kilisagwa, fundi apime mbano wa silinda kwa geji, na ukizidi ule uliokusudiwa kwa injini ile, atie gasketi nene zaidi kurudisha nafasi iliyoondolewa. Nguvu kidogo itapungua. Kijana atanung'unika, na tunamwomba mama asimkaripie mbele ya fundi. Amwonyeshe plagi, amweleze ya pembea, amwachie aamue mwenyewe juu ya ekzosi. Majirani watakuwa na lao la kusema juu ya hiyo.

Wakati matengenezo hayajakamilika na deni la chama halingoji, aendeshe hivi: abiria mmoja, bila gunia nyuma. Akianza mlima ashushe gia mapema, asiilazimishe injini kupanda kwa gia kubwa, na akisikia kokoto alegeze mkono papo hapo. Saa za adhuhuri, lami inapochemka, apumzike. Alfajiri na baada ya alasiri hewa ni baridi zaidi na injini hustahimili zaidi.

Na fundi akiisha kumaliza, malipo ya mwisho yangoje. Mama aseme hivyo tangu mwanzo, kwa upole, mbele ya shahidi. Kijana apande Mazeras na mzigo wa kawaida, amalize tanki moja la petroli ya kituo kilekile, kisha plagi ifunguliwe tena na kutazamwa na wote watatu. Ikiwa kahawia, fundi apewe haki yake siku hiyohiyo.